Droo Tupu ya Gikondo

Mmeniambia niandike kurasa chache kuhusu kazi, mzisome nikishastaafu, mkasema niandike kwa uhuru. Haya. Sitaandika lini nilipandishwa cheo, maana chumba cha giza cha kuoshea picha hakina ngazi. Nitaandika miaka minne tu, kutoka 1990 mpaka 1994, na sehemu kubwa nitaandika habari za droo moja ya mbao. Mnaijua. Mmeikuza picha yake ikajaa ukuta mzima kwenye ukumbi wetu wa kumbukumbu ya mauaji, Kacyiru, mkaiwekea projekta na sauti ya moto, watu wakiingia wanatoka wanafuta macho. Mimi droo hiyo niliishika kwa mikono kila siku ya kazi. Kuna jambo lake sijawahi kumwambia mtu, na nimeogopa kulisema kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu.

Niliingia kazini Oktoba 1990, juma lilelile vita vilipoanza kaskazini. Sisi ni watu wa mtaa wa Biryogo, Waislamu. Babu alikuja na bidhaa kutoka Ujiji akaoa hapa, na kwenye kitambulisho cha baba karani aliandika Mhutu, kwa kuwa ilikuwa lazima aandike kabila na fomu haikuwa na nafasi ya mtu wa Ujiji. Basi na sisi watoto tukawa hivyo. Hatukulifikiria sana mpaka lilipoanza kuua watu.

Studio ilikuwa Gikondo, kati ya gereji na ghala la maharage. Mwenyewe alikuwa Mzee Kalisti, Mkatoliki, Mtutsi, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi kwa dawa. Kazi aliisomea Bujumbura akiwa kijana, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa huko. Na mimi aliongea Kiswahili, na wateja Kinyarwanda, na mashine zikiharibika aliongea Kifaransa. Siku ya kwanza alinifungia kwenye chumba cha giza na mkanda mbovu wa filamu, akaniambia niuzungushe kwenye kigurudumu chake bila kuona kitu. Nilihangaika humo mpaka nikalia. Nilipotoka aliuangalia mkanda ulivyokunjamana, akasema, "Vizuri. Umeharibu wa bure. Kesho utaharibu tena, keshokutwa utaacha."

Saa ya chumbani ilikuwa imekufa. Mzee alihesabu muda wa dawa kwa Salamu Maria, mimi nikahesabu kwa Kul-huwallahu. Kwa kuwa mimi husoma haraka, picha zangu zilitoka nyeupe, za kwake zikatoka na kivuli kizuri. Tulibishana miezi miwili kabla ya mmoja wetu kufikiria kununua saa nyingine. Hivyo ndivyo mafundi walivyo, na nyinyi wa kompyuta msicheke, nawaona mnavyobishana juu ya rangi.

Lakini nimeruka. Siku ya tano nilikuta mlango wa studio umefungwa. Juma hilo walikamatwa watu wengi mjini, wakiitwa wasaidizi wa adui, na Mzee Kalisti alikuwa mmoja wao. Sikuwa na ufunguo wala habari. Nikawa naenda kila asubuhi, nakaa kwenye kizingiti mpaka saa sita, narudi nyumbani. Mama alidhani nimepata kichaa. Majuma mengi yakapita, siku moja akaja anatembea polepole, suruali imefungwa kwa kamba, akaniangalia.

"Weye bado uko?"

"Niko, Mzee. Sijapewa ruhusa ya kuondoka."

Alicheka kidogo, na sikumwona tena akicheka mpaka mwaka ulipokwisha. Walichomfanyia hakusema. Ila tangu siku hiyo kulikuwa na sheria mpya: mtu yeyote akitaka kuingia chumba cha giza, akohoe kwanza akiwa mbali. Ukiwa ndani ya giza mkono uko kwenye dawa, macho hayana kazi, unasikia tu mlango wa mbele ukifunguka na viatu vinakuja, na hujui ni viatu vya nani. Nilidhani ni woga wa mtu aliyetoka kifungoni. Baadaye na mimi nikaupata, na mpaka leo ninaye mwenzangu mmoja kati yenu ambaye hukohoa kabla ya kuingia ofisini kwangu bila kujua kwa nini nilimfundisha hivyo.

Baada ya pale kazi ikawa nyingi kupita kiasi. Vita vilifanya kila mtu atake karatasi. Barabarani bariyeri ya askari, sokoni bariyeri, kila mahali unaulizwa kitambulisho, na kitambulisho kinataka picha. Mtu alichukua fomu ofisi ya komine, akaja nayo kwetu, akakaa kwenye kiti mbele ya pazia la kijivu, Mzee akapiga, mimi nikaosha na kuchapa. Picha tulizipeleka komine kwa mafungu kila Ijumaa. Huko wakazichanganya. Watu wenye majina yanayofanana walirudishiwa sura za wengine, mzee wa miaka sabini akapewa kitambulisho chenye sura ya binti wa shule, wakaja kutugombeza sisi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na lilikuwa wazo langu mwenyewe. Nikamwambia Mzee, tuweke bahasha. Kila mteja bahasha yake, ndani negativu zake, yaani vipande vya filamu yenyewe, juu yake jina, sekta anayokaa, na ile herufi moja ya kabila kama ilivyo kwenye fomu. Herufi niliiongeza kwa sababu karani wa komine alisema ikiwepo haikosei mtu. Tukamwita seremala akatengeneza droo ndefu, imegawanywa kwa sekta. Niliipenda kupita kiasi. Ungetaja mtu, ningemtoa kabla hujamaliza kutaja jina la baba yake. Karani alinisifu mbele ya watu, nikatembea siku hiyo kama bibi harusi. Mzee aliiangalia droo akasema, "Safi sana, Zaina." Kisha akabaki ameiangalia, na mimi kwa furaha yangu sikumwuliza anaangalia nini.

Mwaka 1992 na 1993 ni miaka ya pua. Nyinyi hamjui kurekebisha picha kwa penseli. Negativu unailaza juu ya kioo chenye taa chini yake, unachonga penseli iwe kali kama sindano, unaweka vijistari vidogo mahali unapotaka pang'ae. Zamani wateja walitaka chunusi zifutwe. Miaka ile wakaanza kuja watu, hasa walimu na wauza maduka, wanasubiri mpaka wengine watoke, kisha wanasema kwa sauti ndogo, "Mzee, hii pua, huwezi kuipanua kidogo?" Walijua kwenye bariyeri mtu huangaliwa sura kabla ya kadi, na pua nyembamba ilisemwa ni ya Mtutsi. Mzee alikuwa anainama juu ya kioo saa nzima kwa pua moja. Tulipanua pua nyingi. Tulifupisha na shingo. Ni kazi ya kipuuzi, kwa sababu askari hakuwa anaangalia picha, alikuwa anakuangalia wewe, lakini mtu akishaogopa humwambii hivyo, na Mzee hakumrudisha hata mmoja.

Kisha akaja mtu mmoja mwenye koti la jeshi. Alitoka wapi sijui, hakusema, na hatukuuliza. Alileta mkanda mmoja, akataka picha zote kubwa, akasubiri palepale. Nikaingia kuosha. Karatasi ya kwanza ilipoanza kutoka kwenye dawa, chini ya taa nyekundu, niliona migomba. Nikasema, alhamdulillahi, picha za shambani. Picha hutoka polepole, kitu cheusi kwanza, cheupe mwisho. Chini ya migomba kulikuwa na watu wamelala mstari mmoja, mikono imefungwa nyuma, na mmoja alikuwa na gauni la maua. Kichwa chake hakikuwepo mahali pake. Nilibaki na koleo mkononi, picha ikaendelea kuiva mpaka ikawa nyeusi yote, ikabidi nichape nyingine.

Nilimkabidhi bahasha. Alizipitia moja moja kama mtu anayechagua picha za harusi. "Zimetoka vizuri," akasema. Akachukua negativu, akahesabu, akatazama chumba chote, akatazama na droo. "Na hiyo?"

"Vitambulisho, afande," Mzee akajibu.

"Vya wote?"

"Vya wanaokuja."

Akaenda. Mzee akaketi kwenye kiti cha wateja. Nikamwuliza tufanye nini. Akasema, "Hatukuona. Tumeosha tu." Nilikasirika. Nilikuwa kijana, nikadhani ni mwoga. Sasa nimekuwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, na sina jibu bora kuliko lile.

Kuanzia siku hiyo sikuipenda tena droo. Ilikuwa pale ukutani, ndefu, na ndani yake sura, jina, mtaa na herufi. Kila aliyetafutwa angeweza kupatikana humo kwa dakika moja, kwa sababu mimi niliipanga vizuri. Redio ilianza kutaja watu kwa majina. Mtu akikohoa barabarani tulinyamaza. Nilimwambia Mzee tufute zile herufi, tukakaa siku mbili tunafuta kwa wembe, lakini karatasi ikatoboka na alama ikabaki, na kila bahasha yenye tundu ikawa inasema zaidi kuliko ile yenye herufi. Tukaacha.

Februari 1994 mji ulikuwa umeshavurugika. Wanasiasa wawili walikuwa wameuawa, vijana wenye marungu wanazurura, minibasi hazipandi milima. Mtu mmoja akaja studio, nadhifu, ana kalamu mfukoni, akasema anatoka ofisini. Ofisi ipi hakusema. Aliuliza kwa Kiswahili, nadhani ili wateja waliokuwa barazani wasielewe vizuri.

"Hii droo iko na watu wote wa huku?"

"Si wote," nikasema.

"Lakini wengi."

"Wengi."

"Jumatatu nitaleta mkokoteni. Inahitajika kwa hesabu ya watu." Akagonga droo kwa vidole viwili. "Msihangaike kuipanga, naona imepangwa."

Ilikuwa Ijumaa. Mzee Kalisti alikuwa na kazi Kanombe, kupiga picha familia iliyokuwa inasafiri, na asingeweza kuacha kwenda bila watu kuuliza sababu. Asubuhi ya Jumamosi kabla hajaondoka alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Zaina, nisikilize vizuri. Bahasha zote, choma. Jina, mtaa, herufi, vyote viishe. Negativu utazitia ndani ya madebe ya karatasi za picha, tutayazika nyuma ya choo. Bila bahasha hakuna atakayejua nani ni nani. Umesikia? Choma karatasi, weka sura."

"Nimesikia, Mzee."

Nilifunga mlango, nikaanza. Bahasha nilizichoma kwenye jiko la mkaa kule uani, chache chache, nikaweka sufuria ya maharage juu ili jirani akiona moshi aone na chakula. Kufika saa nne bahasha zilikuwa majivu. Mezani kukabaki rundo la negativu, ndogo, zinang'aa. Nilitakiwa kuzitia kwenye madebe, kazi ya nusu saa.

Nikainua moja kwenye mwanga. Ilikuwa ya mwalimu mmoja niliyemjua, tuliyempanua pua. Nikamtambua, ijapokuwa kwenye negativu uso ni mweusi na nywele ni nyeupe. Nikainua nyingine, nikaitambua. Nikasema, kama mimi natambua, mtu wa ofisini atashindwaje? Anaweza kuzichapa. Anaweza kuleta konseye anayesimamia sekta, mwenye baa, yeyote wa mtaani, akamwuliza, huyu nani? Na nyuma ya choo si ndiko watu wa kwanza kuchimba? Mlango wa mbele ukatikiswa na upepo, au na mtu, mpaka leo sijui. Sikuenda kuangalia. Nikaketi chini kwenye saruji, nikajiambia kwamba watakuja leo, hawatangoja Jumatatu.

Chini ya karo kulikuwa na madumu mawili ya javeli, ile dawa kali ya kuoshea sakafu. Nikayamwaga kwenye beseni la zinki, nikatia negativu zote.

Hamjawahi kuona, na msijaribu. Picha kwenye filamu ni utando mwembamba tu, javeli inaula. Inalegea kwanza, kisha inateleza kutoka kwenye plastiki kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Niliona nyuso zikielea juu ya maji, zinajikunja, zinavunjika, zinakuwa tope. Nilikoroga kwa mti. Nilikuwa nalia kwa harufu ya javeli na nilikuwa nalia kwa kulia. Saa sita beseni lilikuwa limejaa vipande vya plastiki, safi, havina mtu hata mmoja.

Mzee alirudi alasiri. Alikohoa kama kawaida, akaingia uani, akaliona beseni. Akatoa kipande, akakiinua kwenye jua, akaona mbingu. Akachukua kingine. Nilimweleza haraka haraka, mlango, mwalimu, choo, yule mtu. Hakunigombeza. Nilitamani anipige. Alisema tu, "Zaina. Hizi hazikuwa zetu."

Jumatatu yule mtu hakuja. Wala Jumanne. Hakuja kabisa.

Aprili, mauaji ya Watutsi yalipoanza, sitaiandika yote, mmeshaisikia kwa wengine walioiona kwa karibu kuliko mimi. Nilikuwa Biryogo, tumejifungia watu kumi na mmoja ndani ya nyumba ya shangazi, wanne kati yao tumewaficha juu ya dari. Nitasema tu ninachokijua kuhusu Gikondo. Mzee Kalisti aliuawa siku ya tatu, kwenye njia ya kushukia viwandani, na waliomwua walikuwa wanamwita jina lake. Walikuwa wateja wetu. Mwalimu wa pua aliuawa nyumbani kwake. Wauaji walipita nyumba kwa nyumba na hawakuhitaji droo. Walijuana tangu utotoni, walibatizwa pamoja, walikopeshana chumvi. Nilichofuta mimi kilikuwa kichwani mwa kila jirani. Sikumwokoa hata mtu mmoja.

Julai vita vilipokwisha mjini nilirudi Gikondo kwa miguu. Harufu sitaieleza. Studio ilikuwa wazi. Waporaji walichukua kamera, viti, pazia la kijivu, hata kitasa. Droo waliivuta wakaikuta haina kitu, wakaitupa sakafuni kifudifudi. Mashine ya kukuzia picha waliiacha, nadhani hawakujua ni ya nini.

Agosti akaja mpiga picha mgeni, Mzungu mrefu, mpole, anaongea Kifaransa. Alitafuta mtu wa kumchapia picha kwa maji ya madumu na jenereta, akaambiwa yuko Mswahili wa Biryogo. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo nyinyi mnaifanya leo. Wenzake walikuwa wanapiga picha za maiti. Yeye alipiga mahali. Madawati ya kanisa, ubao wa shule wenye hesabu ya kugawanya ambayo haikumalizwa, ndoo, ukuta wenye alama za mikono. Alingoja jua lifike anapotaka, wakati mwingine asubuhi nzima, na mimi nimeshika miguu mitatu ya kamera na naogopa kugeuka nyuma. Nilimwuliza kwa nini hapigi watu. Akasema watu waliokuwepo hawawezi tena kukataa kupigwa. Nilimheshimu kwa neno hilo, na bado namheshimu.

Siku moja aliingia studio, akaiona droo sakafuni, mwanga wa mlango umeiangukia. Akasimama. Akaniuliza ilikuwa na nini, nikamwambia. Sura za watu wa Gikondo, karibu wote. Akavua kofia.

"Zilikwenda wapi?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, yeye hakumjua mtu, angenyamaza. Nilifungua mdomo na nikaona beseni.

"Walichoma," nikasema.

"Nani?"

"Wao."

Aliandika kwenye daftari lake. Akapiga picha, moja tu. Nikaichapa mwenyewe, na ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopata kuchapa maishani, nyeusi yake ni nyeusi kweli. Maneno ya chini yake mnayajua, yamo kwenye vitabu, yamo kwenye ukuta wetu: wauaji walichoma picha za wakazi ili wasibaki hata na sura. Kila mara yanaposomwa mbele yangu mimi huangalia viatu vyangu.

Ingekuwa ni hilo tu ningeweza kufa nalo. Lakini Septemba ile ile, nikiwa natundika picha zikauke, alikuja mwanamke. Alisimama mlangoni na khanga kichwani, akasema anaitwa Mama Yustini. Yustini alikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa gereji iliyopakana nasi, kijana aliyekuwa akitusalimia kila asubuhi kwa kugonga dirisha. Alipigwa picha moja tu maishani mwake, ya kitambulisho, kwetu. Kitambulisho walikichukua bariyerani pamoja na yeye.

"Nimeambiwa mlikuwa mnaweka," akasema. "Hata ndogo. Hata imeharibika. Nina kitambaa chake lakini hakina uso."

Nikamwambia, "Mama, walichoma zote."

Alitikisa kichwa polepole. Hakulia. Akainua mikono yake miwili, akasema kwa Kinyarwanda, kwa utulivu, kwamba aliyemfutia mwanawe sura, Mungu naye amfute, asikumbukwe na mtu. Kisha akanisubiri, kama watu wanavyosubiri baada ya dua.

Nikasema, "Amina."

Kwa hiyo sasa mnajua. Si wao. Ni mimi, Jumamosi moja ya Februari, mchana, kwa javeli, kinyume na nilivyoagizwa na aliyenifundisha kazi. Badilisheni yale maneno ukutani. Sauti ya moto ondoeni kabisa, haukuwepo moto wa picha. Mkiona picha ya mahali ambapo watu waliuawa, ulizeni kwanza nani aliwaambia kilichotokea hapo, na huyo mtu alikuwa anaogopa nini. Wauaji wana makosa ya kutosha bila kuongezewa ya kwangu, na wapo watu wanaongoja tuandike uongo mmoja tu, wakatae na yote ya kweli.

Nilitaka niwaachie karatasi hizi niende zangu. Nikaona ni woga uleule. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, baada ya misa ya Wakatoliki, nilipanda Gikondo kwa Mama Yustini. Ni mzee sasa, haoni vizuri, ila alinitambua kwa sauti, akaniita mdogo wangu, akaagiza chai. Kabla chai haijaja nikamwambia.

Aligeuza uso kuifuata sauti yangu. Kisha akauliza, "Zote?"

"Zote."

"Lini?"

"Februari."

"Februari Yustini alikuwa hai."

"Ndiyo, dada."

"Alikuwa anagonga dirisha lenu kila asubuhi." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anajaribu kuelewa. "Si ungefungua tu, ukampa?"

Miaka yote hii nimejiuliza kama ilikuwa bora kufuta au kuficha, na nimejijibu hivi na vile. Kumpa mwenyewe picha yake, sikuwahi kulifikiria hata siku moja.